Wahudumu wa afya, tupeane uzoefu wa kuvaa barakoa kazini

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)
Habari zenu wadau. Wauguzi, madaktari, wakunga, watu wa maabara, wa usafi, karibuni nyote. Naanza mimi. Niko wodi ya watoto wachanga. Kinachonisumbua ni barakoa kushushwa kidevuni mtu akipokea simu, kisha inapandishwa tena puani. Kidevu na shingo vimeshashikwa na mikono tangu asubuhi, na sasa upande wa ndani unavibeba vijidudu hivyo hadi mdomoni. Mafua ambayo sisi tunayaita madogo yanaweza kumuua mtoto njiti. Nikimwona mwenzangu hivyo namwomba avue, anawe, avae nyingine. Wengine wananuna. Nyie mnafanyaje?

Kliniki_ya_Kifua
Dada, endelea kuwaambia, wanune tu. Kwetu TB ndiyo kazi ya kila siku, na bado kuna wanaochanganya aina mbili za barakoa. Ile ya upasuaji anavaa mgonjwa ili matone yake yaishie humo anapokohoa. Mhudumu anavaa N95, inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe za hewani. Vijidudu vya TB huelea chumbani kwa saa kadhaa, na ile ya upasuaji ina mianya mashavuni.

Ila N95 isiyokukaa haina maana. Siku ya kupimwa nilifunikwa kichwa kwa kofia kubwa ya plastiki, wakapuliza dawa chungu ndani yake. Nikasikia uchungu ulimini papo hapo, maana yake hewa ilikuwa inapita pembeni. Wakanipa saizi ndogo zaidi, uchungu haukuja tena. Kama kazini kwenu hamjapimwa, daini kipimo hicho.

Mkunga_Mzoefu
Sisi tunamwinamia mama huku tukimwelekeza kwa sauti, na kadiri unavyopaza sauti ndivyo mate yanavyoruka. Barakoa ikilowa kwa pumzi na jasho, badilisha bila kusubiri zamu iishe. Halafu bana ule waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili. Ukiuacha wazi, hewa yote inatokea juu.

Daktari_wa_Ganzi
Nitaongeza jambo ambalo wengi hulidharau: sindano ya mgongo. Kuna wagonjwa waliopata homa ya uti wa mgongo kutokana na bakteria wa mdomoni mwa daktari aliyewachoma. Ndiyo maana mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wa mwaka 2007 unataka anayechoma avae barakoa. Mimi sifungui hata pakiti ya vifaa kabla sijavaa, na wanafunzi wangu wanajua kwamba asiyevaa hasogei karibu. Tunamkinga mgonjwa hapo, hata kama sisi wenyewe tunajiona wazima kabisa.

Msoma_Historia
Wakati wa tauni ya mapafu kule Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, Dkt. Wu Lien-teh alisisitiza barakoa za pamba na shashi kwa wahudumu. Daktari Mfaransa Gérald Mesny alimpuuza, akawahudumia wagonjwa bila kuvaa, akafa kwa tauni hiyohiyo Januari 1911. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki kabla ya kuingia wodini.

Kijana_wa_Wodi
Wakuu, vipi sisi wenye ndevu?

Kliniki_ya_Kifua
Mdogo wangu, kwa N95 zinyoe pale kingo zinapogusa ngozi. Hata vinyweleo vifupi vinaipitisha hewa.

Usafi_na_Usalama
Nakusanya taka, kwa hiyo nayaona mengi: barakoa juu ya meza ya chai, mfukoni mwa koti, kitandani kwa mgonjwa. Ukivua, shika kamba tu, mbele usiguse, tupa kwenye pipa la taka za maambukizi, kisha osha mikono. Na N95 ya chumba cha TB ivuliwe ukishatoka na kufunga mlango.

Zamu_ya_Usiku
Shukrani sana mama wa usafi, hilo la kitandani nalipeleka kwenye kikao cha wodi. Watu wa maabara mko kimya, mnaposhika makohozi mnavaa nini?