Naomba ushauri: jina la duka lililokufa

Habari zenu wakuu. Niko Leicester, Uingereza. Nataka kufungua meza ya pipi za kujichotea sokoni, zile unachanganya mwenyewe kisha zinapimwa kwenye mizani, kama enzi za Woolworths, kampuni ya maduka ya bidhaa mchanganyiko iliyofunga maduka yake ya mwisho hapa Januari 2009. Nilijaribu Jumamosi moja: watu wazima wakiona tu kile kikoleo cha kuchotea pipi wanaanza kusimulia utoto (wengine hata hawanunui!).

Toys R Us, ya vitu vya watoto kuchezea, nayo ilifungwa huku 2018, ikarudi 2023 ndani ya maduka ya WHSmith, ya vitabu na magazeti. Kumbe jina lina mwenyewe hata duka likifa. Mwanasheria niliyemuuliza, bei yake ilinikimbiza.

Je, nikiandika "kama za Woolworths" kwenye bango naweza kushtakiwa? Na mwenye jina nimtafute wapi?