Tupeane uzoefu: taa ya ABS na sensa za tairi kwenye gari za spoti za zamani

Kijana wa Altezza
Wakuu, habari za jioni. Nina Altezza RS200 ya 1999, ile yenye injini ya 3S-GE. Taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga ukikanyaga breki) inazima nikiwasha gari, nikitembea kidogo inarudi. Kero zaidi ni foleni: nikikaribia kusimama, pedali inagonga mguu kama niko kwenye utelezi, na lami kavu kabisa! Muuzaji wa spea kaniambia ninunue sensa zote nne za kupima mwendo wa tairi. Waliopitia haya naombeni uzoefu kabla sijatoa hela.

Mzee wa Spana
Tulia kijana, usinunue kitu. Sensa za gari za rika hilo ni sumaku na koili tu. Ringi yenye meno inazunguka mbele ya ncha yake, kila jino likipita umeme kidogo unapanda na kushuka, kompyuta inahesabu. Mwendo ukipungua na umeme unafifia. Sasa sensa moja ikiwa mbali na ringi hata kwa milimita moja zaidi, umeme wake unapotea kabla ya wenzake. Kompyuta inaona tairi tatu zinazunguka na moja imesimama, inadhani imefunga, inaachia breki. Ndiko huko kugonga kwa pedali kwenye foleni.

Anza na kodi, yaani namba ya hitilafu ambayo kompyuta imeihifadhi. Toyota nyingi za miaka hiyo unaunganisha Tc na CG kwenye soketi chini ya usukani, pini ya 13 na ya 4, unafungua switchi bila kupiga stata, unahesabu taa inavyopepesa. 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto.

Dada wa WRX, Nairobi
Subaru yangu ilisoma kodi ya mbele kushoto. Fundi wa Kirinyaga Road hata sensa hakuigusa. Aliinua gari, akashika tairi juu na chini, akaitikisa: ko, ko, ko. Beringi imekwisha, ringi inayumba, mara iko karibu na sensa mara iko mbali. Tukabadilisha beringi na taa ikalala. Na jamani, msichanganye saizi za tairi. Tairi ndogo inazunguka haraka kuliko wenzake, kompyuta inachanganyikiwa, na kwenye Subaru hata difu ya katikati (inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma) inaumia.

Mbongo wa Leeds
Huku Uingereza barabara zinamwagiwa chumvi msimu wa baridi. Mazda MX-5 yangu sensa ilikuwa nzima, ila kutu imeota chini ya kikalio chake ikaisukuma juu. Ncha nayo ilikuwa na ndevu za unga wa chuma, sumaku imezikusanya miaka yote. Brashi ya waya, msasa laini, basi. Angalizo: usiing'oe kwa koleo. Plastiki imekauka, kichwa kinabaki mkononi na mwili unabaki tunduni. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, iache ilale, kesho izungushe polepole. Wa Tanga na Mombasa, upepo wa bahari unafanya kazi ileile.

Kijana wa Altezza
Imepepesa 33.

Mzee wa Spana
Nyuma kulia. Chomoa soketi yake, pima omu (ukinzani wa umeme) kwa mita, kisha pima ya kushoto ulinganishe. Zikikaribiana, kama ni elfu moja na ushee zote mbili, koili ni nzima. Mita isiposoma kitu, imekatika; tikisa waya pale unapojikunja karibu na shokapu, mara nyingi umekatikia ndani ya ganda. Kipimo hiki ni cha sensa za sumaku na koili tu. Gari mpya zina sensa zinazolishwa umeme, hizo hazipimwi kwa omu.

Atakayekwambia uchomoe fyuzi taa inyamaze, mpuuze. RS200 kwenye mvua bila ABS, hapana.

Kijana wa Altezza
Zote zinasoma sawa, mzee. Jumamosi naitoa niisafishe.

Mzee wa Spana
Safi. Angalia na meno ya ringi kama hayajapasuka. Ukimaliza, unganisha tena Tc na CG, kanyaga breki harakaharaka mara nane au zaidi ndani ya sekunde chache, kodi inafutika.