Naomba ushauri: Jagjivan Ram wa India nimwelezeje, shujaa wa 1977 au mtu wa mfumo?

Nuru_88
Wakuu habari za jioni. Nipo mwaka wa mwisho chuo, nasoma historia na siasa, wiki ijayo nawasilisha mada kuhusu mwanasiasa wa Asia Kusini aliyedumu sana bungeni na serikalini. Wenzangu wamekimbilia akina Nehru na Indira Gandhi, mimi nimemchukua Jagjivan Ram, kwao wanamwita Babuji. Huyu mzee aliingia baraza la kutunga sheria la jimbo la Bihar 1936 na amefariki Julai 1986 akiwa bado mbunge, miaka 50 hiyo, na uwaziri zaidi ya miaka 30 ukijumlisha vipindi vyote. Kazi, mawasiliano, reli, kilimo, ulinzi, mpaka naibu waziri mkuu. Tena ni Mdalit, wale wa tabaka la chini kabisa waliokuwa wanaitwa wasioguswa.

Shida yangu iko hapa. Juni 1975 waziri mkuu Indira anatangaza Hali ya Hatari, wapinzani wanawekwa ndani, magazeti yanabanwa, halafu azimio la kuidhinisha hiyo Hali ya Hatari kule Lok Sabha, bunge lao la chini, anayeliwasilisha ni Jagjivan Ram. Alafu tarehe 2 Februari 1977 anajiuzulu, anaanzisha chama chake na kumwangusha huyohuyo Indira. Niliyepangwa naye kwenye mada anasema tuandike kigeugeu tumalize. Mimi roho inakataa kabisa ila sina hoja ya kusimamia, nikimtetea naonekana nampaka mafuta na nikimponda naona namwonea. Mngekuwa nyie mngeanzia wapi? Nina dakika 20 tu.

Mzee wa Magazeti
Binti hongera kwa kumchagua huyo, wengi hawamjui. Ushauri wangu usianze na orodha ya wizara, darasa litalala. Anza na mtungi. Pale shule ya Arrah alikosoma, maji ya kunywa yalikuwa kwenye mitungi miwili, mmoja wa Wahindu na mwingine wa Waislamu, yeye akanywa wa Wahindu ikawa kesi, wakaletwa mtungi wa tatu kwa ajili ya wasioguswa. Akauvunja. Ukaletwa mwingine akauvunja tena, mpaka mwalimu mkuu akaamua usiwekwe tena. Baadae akaenda chuo cha Banaras ana ufadhili na akili anazo, ila vinyozi wanakataa kumnyoa, bwenini anatengwa kwenye chakula, ikabidi amalizie digrii yake Calcutta 1931.

Sasa ruka moja kwa moja mpaka 1978. Yuko waziri wa ulinzi wa nchi nzima, anaenda Varanasi, mji uleule wa chuo kilichomnyanyasa, anazindua sanamu ya mwanasiasa mmoja wa zamani, akishaondoka vijana wa tabaka la juu wanaiosha ile sanamu kwa maji ya Ganges eti imenajisika. Waziri wa ulinzi huyo! Watu wakishayasikia hayo mawili ndo uwaambie alikuwa na wizara gani, watakusikiliza.

Kinyerezi_Boy
Mzee hapo umeshusha nondo. Ila mimi naona mnapenda sana visa mnaisahau kazi yenyewe dada. Septemba 1946 anaingia serikali ya mpito ya Nehru ana miaka 38, mdogo kuliko mawaziri wote, anapewa wizara ya kazi. Angalia sheria zilizopita akiwa pale: ya migogoro ya viwandani 1947, alafu 1948 kima cha chini cha mshahara, sheria ya viwanda na ile ya bima ya wafanyakazi. Kibarua wa kiwandani akiugua anatibiwa na anaumia kazini analipwa, hiyo ndo maana yake. Na nyingi zimeendelea kutumika miongo na miongo baada ya hapo. Mimi nafanya kazi kiwandani, nikisoma vitu kama hivi najua kabisa vina uzito gani kwa mtu wa chini, so usizipitie juu juu.

Wa Nakuru
Naongezea kwa kilimo. Alishika hiyo wizara 1967 mpaka 1970, Bihar kwao imetoka kwa njaa mbaya na nchi inaishi na ngano ya msaada ya Marekani. Mavuno ya ngano yalipanda kutoka kama tani milioni 12 msimu wa 1964-65 hadi kama milioni 20 msimu wa 1969-70. Lakini chunga sana usimpatie sifa zote, hizo mbegu za ngano fupi yenye mavuno mengi zililetwa wakati wa waziri aliyemtangulia, C. Subramaniam, pamoja na wanasayansi kama Swaminathan. Jagjivan Ram alishika usukani gari likiwa tayari barabarani na hakuliangusha, na hiyo pia ni kazi. Vita ya 1971 ni hivyo hivyo, alikuwa waziri wa ulinzi wakati Pakistan inasalimu amri Dhaka tarehe 16 Desemba na mateka kama 93,000, but maamuzi makubwa yalikuwa ya Indira, na jeshi lilikuwa chini ya mkuu wake, Manekshaw. Ukisema alishinda vita mwalimu wako atakuuliza swali utashindwa kujibu.

Hakimu wa Mtaa
Mimi niwe mkweli, simpendi huyu mzee na sioni kwanini tumsafishe. Kwenye mada yako weka na madoa. Kuna ishu ya kutowasilisha taarifa za kodi miaka kumi, waziri mzima, na Indira akamkingia kifua. Kwenye Hali ya Hatari watu wamefungwa bila kesi, kwenye miji na vijiji wanaume wanafungwa uzazi kwa lazima na waliopata tabu zaidi ni maskini, wakiwemo Wadalit wenzake. Yeye miezi yote hiyo yuko kwenye baraza la mawaziri. Ambedkar, Mdalit mwenzake aliyekuwa waziri wa sheria, alijiuzulu uwaziri 1951 alipoona mswada wake wa haki za wanawake wa Kihindu unazungushwa, hakusubiri upepo ugeuke. Jagjivan Ram amejiuzulu uchaguzi umeshatangazwa. Muulize huyo shujaa alikuwa wapi 1975 na 1976.

Nuru_88
Hakimu nakuelewa na hapo ndo panaponiumiza. Lakini Ambedkar baada ya kutoka aligombea 1952 akashindwa na chama cha Congress, cha akina Nehru na Indira. Jagjivan Ram kabaki ndani akapitisha vitu. Sijui kama ni haki kumpima mmoja kwa mwingine.

Mama Tatu
Nuru mdogo wangu, nimefundisha historia sekondari miaka mingi, ngoja nikupe ninavyoona. Mnabishana shujaa au kigeugeu wakati jibu liko kwenye maisha yake mwenyewe, fuata lile azimio la 1975 uone limemfikisha wapi.

Alipotoka Februari 1977 alianzisha Congress for Democracy pamoja na Bahuguna na Nandini Satpathy, wanasiasa wenzake wa Congress, wakaungana na Janata, muungano wa wapinzani, kwenye uchaguzi. Kabla ya uchaguzi kulikuwa na mkutano mkubwa Delhi, na TV ya serikali ikaonyesha filamu ya mapenzi iliyokuwa inapendwa sana, inasemekana ili watu wabaki nyumbani. Watu wakajaa viwanjani. Congress ikapata sifuri, narudia sifuri, kwenye viti vyote vya Uttar Pradesh na Bihar, Indira mwenyewe akaangushwa kwenye jimbo lake la Rae Bareli. Sio yeye peke yake aliyefanya hayo, hasira ya wananchi ilikuwa kubwa, ila kuondoka kwake kuliwaambia mamilioni ya Wadalit, kura ambazo Congress ilizihesabu kama zake, kwamba sasa ruksa kutoka.

Baada ya ushindi wakatafuta waziri mkuu. Jina lake lipo juu kabisa. Charan Singh, kiongozi mwingine wa Janata, yuko hospitali, anaandika barua kwamba hamkubali Jagjivan Ram kwasababu ndiye aliyewasilisha azimio la Hali ya Hatari. Nafasi ikaenda kwa Morarji Desai. Mzee alikasirika hata kwenye kuapishwa hakwenda, akaingia baadae kama waziri wa ulinzi. Januari 1979 akawa naibu waziri mkuu, pamoja na huyohuyo Charan Singh. Serikali ya Morarji ikaanguka, Charan Singh akakalia kiti, akajiuzulu baada ya wiki chache bila hata kukabili bunge, na Agosti 22 Rais Reddy akalivunja bunge wakati Jagjivan Ram, kiongozi wa Janata kwa muda huo, anadai apewe nafasi ya kujaribu. Hakupewa. Uchaguzi wa Januari 1980 Janata wakamsimamisha yeye kama waziri mkuu wao mtarajiwa, wakapata viti 31, Indira akarudi na 353.

Kwaiyo dada, Hakimu anasema kweli na wewe unasema kweli. Azimio lile alilipia, na bei yake ilikuwa kiti kile kile. Ila jiulize pia, mbona Bahuguna na wengine waliobaki Congress mpaka mwanzoni mwa 1977 walipokelewa bila kelele, na yeye dhambi yake ikakumbukwa siku ya kugawana kiti kikubwa? Hapo ndo mtungi wa Arrah unapoingia.

Hakimu wa Mtaa
Mama Tatu hapo kwa kweli umenipa cha kufikiria. Bado nasema asisafishwe, ila weka hilo swali lako la mwisho kwenye mada.

Wa Nakuru
Na usisahau huko jimboni kwake Sasaram walimrudisha bungeni kila uchaguzi tangu 1952 mpaka 1984, mara nane, vyama vinabadilika yeye yuko. Binti yake Meira Kumar baadae alishika kiti hicho hicho na akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Lok Sabha, 2009 hadi 2014.

Nuru_88
Asanteni sana wote. Nimeamua hivi: mtungi dakika mbili, sheria za kazi na kilimo dakika sita, zote zinazobaki ni azimio la 1975 na barua ya Charan Singh. Sanamu ya Varanasi naiweka katikati ya 1977 na 1979 ilipotokea. Mwenzangu nimemtumia huu uzi, amesema neno kigeugeu tulitoe. Hiyo hotuba ya 1975 naipata wapi niisome mwenyewe?

Mzee wa Magazeti
Kumbukumbu za mijadala ya Lok Sabha zipo bure mtandaoni kwenye maktaba ya kidijitali ya bunge lao. Tafuta Julai 21, 1975. Isome yote, na majibu ya wapinzani wachache waliokuwa bado nje ya jela uyasome pia.