Mimi na kaka yangu tunaishi nyumba moja ila simu zetu zinatuonyesha Tanzania mbili

DadaWaMoro:

Wakuu habari zenu. Naomba mnisaidie, kuna jambo linaninyima raha na naomba tusiletee matusi ya vyama, mimi hapa naongelea familia yangu.

Niko Morogoro, naishi na kaka yangu mkubwa na mama yetu. Ile tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilivyozimwa siku ya uchaguzi tulikaa siku kadhaa hatujui lolote, ni redio tu na kupigiana simu za kawaida kuulizana mko salama huko, mmekula, msitoke nje. Ilivyorudi kila mtu akajifungia na simu yake. Kwangu mimi zikawa zinashuka video za watu wanalia, watu wanatafuta ndugu zao, mpaka nikawa silali. Kwa kaka yangu zinashuka za kusema fujo zimelipiwa kutoka nje, vijana wamerubuniwa, na picha za mali zilizochomwa. Nyumba moja, bando tunanunua duka moja, ila ukikaa nae dakika kumi utadhani mmoja wetu yuko nchi nyingine. Tumebishana mpaka kuna siku aliacha chakula mezani akaondoka. Mama akasema, "nyie wanangu kila mmoja ana Tanzania yake mfukoni, mimi nimwamini nani?" nikakosa jibu.

Na kilichoniumiza zaidi, kuna video moja niliirusha kwenye grupu la familia kwa uchungu kabisa, kesho yake mtu ninayefanya nae kazi akaniambia hiyo ni ya Nairobi, ya yale maandamano ya Juni 2024, angalia kibao cha matatu hapo nyuma. Nikaangalia nikaona kweli. Kaka yangu akaipata hiyo, tangu siku hiyo kila ninachomwambia ananijibu "kama ile ya Nairobi?" hata vile ambavyo ni vya kweli kabisa.

Sasa swali langu, hizi simu ndo zinatuchagulia, au tunajichagulia wenyewe, au kuna watu wanatuchagulia? Na mnaoishi na ndugu wa upande mwingine mnafanyaje?

---

FundiMsamvu:

Dada pole sana. Jibu ni vyote vitatu, ngoja nikueleze ninavyoviona mimi maana kazi yangu ni fundi simu.

Mtu akileta simu nimebadilisha kioo lazima nijaribu kama tachi inafanya kazi, namwomba mwenyewe afungue TikTok au Facebook asukume sukume. Kwa siku naona simu kumi na kitu na hamna mbili zinazofanana. Ya huyu mahubiri mwanzo mwisho, ya yule mpira na mikeka, ya mwingine siasa za hasira tupu. Na wote ukiwauliza wanakwambia "mtandaoni siku hizi watu wanaongelea hiki tu". Hapana, ni simu yako ndo inaongelea hiki tu!

Ile mitandao haikuulizi nini ni kweli, inaangalia umesimama wapi. Ukisimama kwenye video sekunde kadhaa, ukakomenti, ukamtumia mwenzako, inasema kumbe anapenda, mwongezee. Hapa wengi hawajui, kukasirika nako inahesabu umependa. Mwaka 2021 yule mama aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, Frances Haugen, alitoa nyaraka za ndani za kampuni akaenda mpaka kwenye Seneti ya Marekani kueleza, na kwenye zile nyaraka ikaonekana kuanzia 2017 emoji kama ile ya hasira zilikuwa zinapewa uzito mara 5 ya laiki ya kawaida. Mara 5! Maana yake kitu kilichokukera kilikuwa kinasambazwa kuliko kitu ulichokilaiki tu. Baadae ile ya hasira walikuja kuipunguza mpaka sifuri, ila miaka karibu mitatu watu dunia nzima walishalishwa hivyo.

Kwahiyo kaka yako akikomenti kwa hasira kwenye video ya upande wako, asidhani anaipinga, anaipandisha.

Ila WhatsApp ni tofauti, pale hakuna mashine ya kukupangia, pale ni shangazi, ni mwenyekiti wa kikoba, ni mwanakwaya mwenzako. Walijaribu kubana, 2019 wakaweka mwisho unaforwadi kwa watu au magrupu 5 kwa mara moja, 2020 ile meseji iliyozunguka sana yenye mishale miwili ikawa unaipeleka sehemu moja tu. Lakini watu wakaanza kukopi maneno na kuyabandika upya, mishale inapotea, inaonekana kama imeandikwa na mjomba mwenyewe.

---

MzeeWaKahawa:

Fundi umeongea vizuri lakini nyinyi vijana mnaanzia katikati ya hadithi. Kabla simu haijatuchagulia tulishachaguliwa.

Mimi nilikuwa naangalia Bunge TBC kila kikao, pale kijiweni kwetu tulikuwa watu wa vyama vyote, CCM, Chadema, CUF, tunakaa benchi moja tunaangalia kitu kimoja. Tunabishana hasa, lakini tunabishana juu ya kitu ambacho wote tumekiona kwa macho! Mbunge kasema hivi, waziri kajibu hivi, hakuna wa kuniambia hakusema. Januari 2016 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, akasimama akasema TBC haitaonyesha tena laivu vikao vyote, gharama kubwa, bilioni 4.2 kwa mwaka. Wapinzani wakagoma, polisi wakaingia mpaka ukumbini. Baada ya hapo tukawa tunaletewa vipande vilivyokatwa. Na ukishaletewa kipande unaanza kuuliza kimekatwa wapi na nani, na mwenzako ana kipande kingine kwenye simu yake. Benchi letu lilianza kugawanyika hapo, si kwenye TikTok, wakati huo wengi pale kijiweni tulikuwa na simu za tochi.

Ikaja 2018 zile kanuni za maudhui ya mtandaoni, mtu mwenye blogu akatakiwa leseni, ukijumlisha maombi na leseni na ada ya mwaka wakati huo ilikuwa inafika milioni 2.1. Nina kijana wa jirani alikuwa anaandika habari za halmashauri yetu, barabara gani imepewa pesa na haijajengwa, vitu vidogo vidogo ambavyo gazeti la Dar haliwezi kuja kuandika. Akafunga. Milioni 2 atoe wapi na alikuwa halipwi na mtu. Hakuna aliyekuja kumkamata wala kumtisha, alifunga tu kimya kimya akaenda kuendesha bodaboda, na sisi tukabaki hatuna wa kutuambia habari za halmashauri mpaka leo.

Halafu 2020 corona. Takwimu za mwisho zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21, kisha kimya zaidi ya mwaka mzima. Nyie mnakumbuka magrupu yalivyokuwa kipindi kile? Huyu anasema hospitali zimejaa, huyu anasema hakuna kitu piga nyungu, kuna misiba watu hawasemi marehemu kaumwa nini. Mimi nilimpoteza rafiki yangu Februari 2021 na mpaka leo watoto wake wamegawanyika kuhusu kilichomuua baba yao. Usimlaumu mtoto kuamini voisi ya WhatsApp kama mwenye kujua kanyamaza.

Kwahiyo binti yangu, Oktoba mlivyozimiwa zile siku, ni jambo hilo hilo kwa ukubwa mwingine. Watu wamekaa gizani siku kadhaa wana hofu, ikiwashwa wanapokea kila kitu kwa pamoja, kilichopo na kisichopo. Hiyo video ya Nairobi ingekutana na wewe siku ya kawaida ungeigundua.

---

Mtu wa Eastlands:

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nasema hiyo ya tatu, kuna watu wanachagua, na wanalipwa.

2017 wakati wa uchaguzi wetu ulikuwa unafungua YouTube usikize ngoma, kabla ianze inakuja video ya kutisha, Kenya ya mbele kama Raila Odinga wa upinzani akishinda, njaa, vita, damu, kila kitu ni nyeusi. Ukisearch jina lake Google inakuletea hiyo website juu kabisa. Haijaandikwa imelipiwa na nani. Ilikuja kujulikana baadaye, shirika la kutetea faragha la Privacy International walifuatilia, kumbe ni kampuni ya Texas inaitwa Harris Media. Watu wako Texas, hawajui Kibera ni wapi, wanatengenezea mama yangu hofu ya jirani yake! Na 2018 Channel 4 ya Uingereza wakawarekodi kisiri mabosi wa Cambridge Analytica, kampuni ya kuendesha kampeni kwa data za watu, wakijisifu venye waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta, manifesto, utafiti wa watu 50,000, kila kitu.

Na msisahau sisi tulishaungua kabla ya Facebook. Zile vurugu za baada ya uchaguzi, 2007 na 2008, ilikuwa SMS na redio za lugha za mama. Mtangazaji wa redio mmoja, Joshua arap Sang, alifikishwa mpaka mahakama ya kimataifa ya The Hague, kesi ikaisha 2016 bila kupatikana na hatia. Mimi nilikuwa darasa la sita, nakumbuka baba alizima redio akatuambia tusiongee Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu tukitoka nje. Kwa hivyo mtu akiniambia maneno ni maneno tu, simwelewi.

---

DukaLaVipuri:

Kwa hayo ya ndugu yetu wa Nairobi mimi nauliza, kwanini basi mnalalamikia sheria? Mimi nilianzishiwa uongo kwenye grupu la mtaa kwamba nauza vipuri vya wizi, ndani ya wiki wateja wameisha, nilifunga duka miezi minne. Nani alinilipa? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 kinasema ukichapisha uongo faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3. Mimi naona ni sawa kabisa, wabanwe.

---

MzeeWaKahawa:

Duka pole, na aliyekufanyia vile alistahili kukulipa. Lakini je, ile sheria ilikusaidia wewe? Ulienda kushtaki? Mimi sijawahi kuona mwenye duka la mtaani kasaidiwa nayo, ninaosikia wamepelekwa mahakamani ni waliosema kitu kuhusu wakubwa. Na nani anaamua uongo ni upi, kipindi ambacho takwimu zenyewe zimefungiwa kabatini? Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ilishasema Machi 2019 kuwa vifungu kadhaa vya ile Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, pamoja na vya habari za uongo na uchochezi, vinakiuka mkataba wa jumuiya. Uongo wa mtaani ushughulikiwe kama madai, mtu alipwe fidia, mimi sina shida. Kumfunga mtu miaka 3 kwa sababu ya posti hapana.

---

DukaLaVipuri:

Sikushtaki mzee. Niliogopa gharama. Hapo umenigusa.

---

DadaWaMoro:

Wakuu asanteni, nimesoma zote mara mbili na nimemsomea mama ile ya benchi la kahawa, akatikisa kichwa akasema huyo mzee anasema kweli.

Jana usiku nimefanya kitu. Nilimwambia kaka sitaki tubishane, nipe simu yako nusu saa na wewe chukua yangu, usikomenti chochote, pitia tu. Mwanzo alikataa, akasema unataka kunipekua. Mama akamwambia mpe mdogo wako. Tukakaa sebuleni kimya kila mtu na simu ya mwenzake. Kwenye yake nimekuta mambo ambayo sijawahi kuyaona hata moja, kuna mama mmoja duka lake limechomwa analia, na kwakweli nilimuonea huruma, nilikuwa sijui kama yupo. Nilivyonyanyua kichwa kaka yangu alikuwa amesimama kwenye video ya baba mmoja anayemtafuta kijana wake, ameiangalia mpaka mwisho, akarudia.

Hakusema umeshinda wala nini. Alinirudishia simu akauliza, "huyu kijana alishapatikana?" Nikamwambia sijui. Akasema tutafute, lakini tusitafute humu, nani tunamfahamu anaishi maeneo hayo? Leo asubuhi amempigia rafiki yake wa zamani waliosoma wote, tunasubiri atupigie.