SAM.gov inakataa jina la kampuni, tunakosea wapi?

Habari wakuu. Kampuni ya usafi, Marekani, inataka zabuni za serikali kuu. Uhakiki wa SAM.gov, tovuti ya kusajili wanaotaka zabuni hizo, umegoma mara mbili. Tatizo ni nini?

— Mkuu, linganisha herufi kwa herufi. Cheti cha usajili wa kampuni cha jimbo kikiwa na "LLC" (kampuni yenye dhima yenye kikomo) na fomu haina, mfumo unaweza kukwama hapohapo. Anwani iwe ya mahali halisi, si sanduku la posta. Namba ya kodi nayo hulinganishwa na rekodi za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ukipita uhakiki wa jina na anwani, unapata UEI, namba ya utambulisho ya kampuni yenye herufi na tarakimu 12; CAGE, msimbo mwingine wa utambulisho wenye herufi na tarakimu 5, huja baadaye.

— Naongezea: usajili ni bure, tafadhali usimlipe mtu anayekutisha kwa barua pepe. Usajili unahuishwa kila mwaka. Ukiisha siku ya kuwasilisha zabuni, unajiweka hatarini kuenguliwa.

— Kwenye zabuni kubwa, anza na Sehemu M ya hati ya zabuni, ndiyo inaonyesha utakavyopimwa. Sehemu L inaeleza idadi ya kurasa, fonti na mpangilio wa zabuni yako. Kurasa za ziada mara nyingi hazisomwi kabisa. Kuchelewa dakika moja kunatosha kukutoa, kwa hiyo tuma siku moja kabla.