Mamangu na meli ya Barcelona: meza ya saa maalumu au ya saa yoyote?

BintiMaweni (Malindi)

Assalaam aleikum wana jamvi. Dadangu anayeishi Manchester kamlipia mama safari ya meli, Royal Caribbean, siku saba kutoka Barcelona, mwezi wa saba inshallah. Mimi ndiye nitakayemsindikiza. Viza inashughulikiwa, hiyo si hoja. Kinachoniumiza kichwa ni chakula.

Mama ni mtu wa Langoni, Lamu. Aliolewa huku Malindi lakini tumbo lake halijahama. Ana miaka sabini na kitu, ana sukari, anameza vidonge, na akichelewa kula anaanza kutetemeka. Nyama asiyojua imechinjwa vipi haitii kinywani. Na chakula cha usiku kwake ni baada ya Isha, si kabla.

Dada anataka jibu kabla ya Ijumaa. Kuna meza ya saa maalumu, ama saa kumi na mbili jioni ama saa mbili na nusu usiku, kila siku meza ileile. Au kuna hii wanayoiita My Time Dining, unakwenda saa uitakayo. Tena aniuliza kama aongeze kifurushi cha mikahawa ya kulipia: Chops Grille ya nyama, Giovanni's Table ya Kitaliano, Izumi ya Kijapani. Naona ni pesa za kutupa, lakini mimi chombo nilichozoea ni boti ya Mokowe ya kuvukia Lamu, kwa hiyo nisaidieni.

MpishiWaWatamu

Pole kwa kuteswa na raha.

Chukulia ni hoteli ya fulubodi. Ukumbi mkuu na bafe (kwa hao inaitwa Windjammer, iko ghorofa za juu) vimo ndani ya nauli. Maji, chai na kahawa ya kawaida vimo. Soda na pombe mnalipa, na hiyo mikahawa midogo ndiyo ya ziada. Giovanni's Table achana nayo kabisa. Mtu wa Malindi kwenda kulipia tambi za Kitaliano baharini, na hapo mjini Lamu Road zimejaa? Izumi ni samaki mbichi, mama atakuuliza kama jiko limezimika.

NilihudumuMelini (Mombasa)

Nimefanya kazi ya ukumbini melini, kampuni siitaji. Niseme ninachokijua.

Zamani karibu kila meli ilikuwa na zamu mbili za chakula cha usiku, kwa sababu ukumbi hautoshi abiria wote kwa mpigo. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line wakaja na Freestyle Cruising, mtu ale saa na mahali apendapo, na wengine wakafuata kila mmoja kwa jina lake: Princess, Holland America, Carnival, na hao Royal Caribbean. Disney wana yao: abiria wanahama ukumbi usiku hadi usiku na wahudumu wao wanahama nao.

Watu husikia "saa yoyote" wakadhani ndiyo bora moja kwa moja. Meza ya kudumu ina faida kubwa kwa mtu kama mama: mhudumu ni yuleyule. Usiku wa kwanza nakuuliza, wa pili nimekujua. Nilikuwa na bibi mmoja aliyekuwa hanywi chochote baridi. Kufikia usiku wa tatu, kabla hajavuta kiti, maji ya moto na kipande cha ndimu yako mezani, na kapu la mkate nimelisogeza kwa mumewe kwa sababu bibi hakuruhusiwa. Mumewe akijisahau akamwagizia keki, namtazama bibi kwanza. Huyo bibi angekuwa anakaa meza tofauti kila usiku, angeeleza mambo yake upya kila usiku, tena kwa Kiingereza.

Kwa hiyo mimi ningemweka zamu ya kwanza, saa kumi na mbili. Ya pili huanza saa mbili na nusu na mara nyingine unaondoka mezani saa nne. Kwa mwenye sukari siitaki.

SharifuWaMkomani (Lamu)

Ndugu yangu hapo juu umesema vizuri, ila hakuna aliyetaja jua. Huku kwetu Maghrib haitoki nje ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, mwaka mzima. Barcelona mwezi wa saba jua linatua kama saa tatu na dakika ishirini na kitu usiku. Hesabu sasa: zamu ya pili ndiyo inayokata Maghrib katikati ya supu. Na kula baada ya Isha kama alivyozoea haiwezekani, ukumbi utakuwa umefungwa na wanapanga vikombe.

Mwelezeni mama mapema kwamba ni msafiri, ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza sala. Akila jioni kisha akasali Maghrib na Isha pamoja chumbani, hana tatizo. Msipomweleza hapa nyumbani atakataa kula kule, nawajua watu wa Langoni.

Halali: andikieni kampuni sasa hivi, msingoje mkafika. Tena ulizeni swali sawasawa. Kuna "hatuweki nguruwe", kuna "tuna kuku wa kuchinjwa", na kuna chakula kilichogandishwa kwenye pakiti kikapashwa moto. Vitu vitatu mbalimbali, na barua pepe ya watu wa ofisini huvichanganya. Hata samaki: wapishi wa Ulaya hutia mvinyo kwenye mchuzi bila kufikiri, kwa hiyo samaki aombwe wa kuchoma, mchuzi kando. Na vitamutamu vya kutetereka, ulizeni gelatini yake (kigandishi cha mnyama) imetoka wapi.

KibeEmbe

Mfungieni mama samaki wa kupaka na mahamri kwenye kontena, yaishe.

NilihudumuMelini (Mombasa)

@KibeEmbe chakula kilichopikwa nyumbani kitaishia mlangoni, meli nyingi hazikiruhusu. Biskuti na vitu vya dukani vilivyofungwa huwa havina shida. Achari ya ndimu ya nyumbani kwenye chupa ya jemu pia wataichukua, najua mmoja ataijaribu.

@SharifuWaMkomani hilo la jua sikulifikiria, na linanibadilisha. Siku za bandarini kuna tatizo jingine pia: mkienda matembezi mkarudi mmechoka saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili mama bado anataka kuoga. Basi fanyeni hivi. Chukueni My Time, halafu dada aweke nafasi kwenye programu ya simu ya kampuni, usiku wote saba, saa moja jioni. Siku ya kwanza nendeni kwa mkuu wa ukumbi kabla ya chakula, mama akiwepo aonekane, mwombe meza ya eneo la mhudumu mmoja. Mara nyingi wanakubali, kwao ni rahisi kuliko wageni wanaotangatanga. Mkipata hiyo, mna saa yenu na mtu wenu.

Mwambieni pia mwiko wa chakula. Mwenye mwiko huletewa menyu ya kesho usiku wa leo, anachagua, jiko linajua. Na mchuzi wa Kihindi uombwe hivyohivyo siku moja kabla. Wapishi na wahudumu Wahindi ni wengi melini na hufurahi kuulizwa.

Vidonge: akianza kutetemeka kabla ya saa moja, bafe iko juu, apate kipande cha mkate na matunda. Asikae na njaa ati anangojea meza.

Kuna na bakshishi, kila siku huongezwa kwenye akaunti kwa kila mtu. Dada aulize kama ameshailipa, msije mkashtuka siku ya mwisho.

MpishiWaWatamu

Chops Grille pia muache? Nyama ileile ambayo mama haili.

BintiMaweni (Malindi)

Nimemsomea mama uzi wote. La jua kacheka, asema Wazungu hata Maghrib wameicheleweshea biashara. Kukusanya sala kakubali, lakini ataka asikie kwa mwalimu wake wa Lamu kwanza, si kwa mtandao. Sharifu, samahani.

Nimemjibu dada: My Time, saa moja, usiku wote. Kifurushi hapana. Barua ya halali naiandika leo, nimeinakili ile orodha ya vitu vitatu.

Limebaki moja. Dada asema kuna usiku wa mavazi rasmi na mama ameniuliza kama watamzuia na buibui lake.

NilihudumuMelini (Mombasa)

Hawamzuii. Wanaozuiwa ni wanaume wenye kaptura. Avae lile jipya, na mjiandae: wapiga picha wa meli watamfuata mezani, na hizo picha zinauzwa ghali.