Naombeni ushauri: nigeuke mashoto kabla ya pambano langu la kwanza la MMA?

Jino la Pembe (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa waliowahi kupigana kweli.

Mimi nimetokea kwenye ngumi, nimekulia gym moja ya Manzese. Sasa nimepata pambano langu la kwanza la MMA (ngumi, mateke na mieleka pamoja), Nairobi, mwisho wa mwezi ujao, raundi tatu za dakika tano tano. Mpinzani anatumia mkono wa kulia, mateke anayo, mieleka ya kawaida. Siku zote mimi nakaa mguu wa kushoto mbele. Nataka nigeuke, nikae mashoto, mguu wa kulia mbele. Kocha hataki hata kusikia.

La pili ni akili. Usiku silali. Nikifumba macho naona napigwa. Mtu anajengaje moyo wa pambano kwa muda huu uliobaki?

Matusi sitaki. Na habari za "acha ngumi katafute kazi" naomba mniachie, nyumbani nazisikia kila siku.

Kigoda cha Mbele

Wa kwanza kufika. Mkuu, dau ni shilingi ngapi? Hapo ndipo ushauri unapoanzia.

Mzee wa Sinza

Dogo, woga ni kitu cha kawaida. Sisi tuliokuwa tunajaa ukumbi wa PTA Sabasaba tuliwaona mabondia wakubwa wanatetemeka wakivishwa glavu, kengele ikilia wanabadilika. Bondia wetu Mwakinyo alikwenda Birmingham Septemba 2018, Waingereza hawamjui hata jina, akammaliza Sam Eggington raundi ya pili. Angekuwa anahesabu sifa za mwenzake asingepanda ndege.

Mimi mwenyewe nikiwa shule niliwekewa pambano na kijana wa kidato cha juu. Siku nzima sikula. Tulipoanza nikagundua anapumua kwa mdomo tangu mwanzo, nikajua huyu hamalizi. Tangu hapo nikienda popote namwangalia mtu pumzi kwanza. Hata kazini, bosi akiniita ofisini naangalia pumzi.

Kiuno Chini

Mleta mada, nimefanya judo, baadaye MMA, sasa nafundisha vijana. Nianze na mkao, maana ndilo swali lako.

Bondia akiingia kwenye kizimba anakuja na magonjwa matatu. La kwanza, anasimama kiubavu na uzito wote mguu wa mbele. Kwenye ngumi hiyo ni sawa. Huku utapigwa teke la chini kwenye shavu la mguu, pale pembeni chini ya goti panapopita neva, na teke la pili au la tatu mguu unakataa kukubeba. La pili, anasimama wima. Ukisimama wima, mtu anaingia miguuni kabla hujajua. Shusha nyonga kidogo, fungua miguu upana wa mabega na zaidi, ili akija uweze kurusha miguu nyuma na kumkandamiza. La tatu, gadi, yaani kujikinga kwa mikono. Glavu za MMA ni aunsi 4, za ngumi za kulipwa ni 8 au 10. Ukijifunika uso kama ulivyozoea, ngumi inapenya katikati ya mikono. Umbali na miguu ndiyo gadi yako.

Yote hayo unaweza kuyarekebisha kwa muda ulionao, kwenye mkao wako uleule. Kugeuka mashoto huwezi. Unaweza kujifunza kusimama, lakini ukipigwa moja mwili utarudi ulikozoea, na utarudi ukiwa umekanyaga miguu yako mwenyewe.

Sasa nikuulize. Kwa nini mashoto, na kwa nini sasa?

Mama Wawili

Mwanangu, nakusoma nasikia huruma. Mungu amekupa mwili mmoja. Mimi mdogo wangu alikuwa mtu wa ngumi, leo mama anamlisha. Sikuambii utafute kazi, umekataza. Nakuambia omba kabla hujaingia, na umwombee na huyo unayekwenda kumpiga, naye ana mama.

Otis wa Kariobangi

Karibu Nairobi boss. Huku baridi wakati mwingine inauma, beba sweta. Na mji uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, wewe unatoka Dar. Raundi ya pili utaona mapafu yanaungua. Fika siku kadhaa mapema kama promota atakubali kulipa malazi. Hilo mimi ningelifikiria kabla ya mambo ya mguu gani mbele.

Jino la Pembe

Asanteni wote. Mzee wa Sinza nimekupata. Otis asante, hilo la pumzi nitamuuliza promota.

Kiuno Chini, sababu ni kumchanganya tu. Mashoto ni wachache, hajazoea kupigana nao.

Kiuno Chini

Hapana kaka. Anayetaka kumchanganya mpinzani anajifunza kugeuka kwa sekunde mbili, anarusha kitu, anarudi. Wewe unataka kuhama kabisa. Anayehama mkao dakika za mwisho kuna upande anauficha. Goti? Bega?

Dau Nono

Hahaha, labda anaficha sura nzuri.

Jino la Pembe

Sawa, niseme. Ni jicho la kushoto. Nilipigwa kwenye sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzako), mkono wa kulia wa juu, nikalala kidogo. Nilizinduka nikaendelea. Tangu siku ile jicho lina vidoti vyeusi vinavyoelea, na gizani naona mwanga unamulika pembeni. Ngumi za upande huo zinanifikia sijaziona. Nikikaa mashoto, jicho zima la kulia linakuwa mbele, hilo la kushoto linakaa nyuma. Ndiyo hesabu yangu.

Msianze kunililia. Ninaona vizuri, nasoma hapa bila shida. Ni uchovu wa jicho.

Sista wa Zamu

Nimefanya kazi wodi ya macho. Vidoti vinavyoelea na mwanga unaomulika baada ya kipigo cha kichwa ni dalili ya retina kuchanika, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ikichanika tu, mara nyingi daktari anaiziba kwa leza na mtu anarudi nyumbani. Ikiachwa, maji yanapenya nyuma yake, inabanduka, unaanza kuona kivuli kama pazia linashuka kutoka pembeni. Kivuli kikifika katikati, hata upasuaji ukifanyika uoni haurudi wote. Kusoma vizuri leo hakumaanishi chochote, maana kinachoanza kuharibika ni pembeni.

Uko Dar. Kuna Muhimbili, kuna CCBRT pale Msasani. Nenda kesho asubuhi, uwaambie umepigwa kichwani na unaona mwanga unamulika. Sema hivyohivyo, usiseme "jicho linauma". Watakuwekea dawa ya kutanua mboni, kwa hiyo usiende na pikipiki unayoendesha mwenyewe.

Kiuno Chini

Na hesabu yako ya mashoto imekwenda kinyume. Simama mbele ya kioo uone. Ukikaa mashoto mbele ya mtu wa mkono wa kulia, upande wako ulio wazi ni wa kushoto. Konde lake la kulia na teke lake la kulia, silaha zake mbili nzito kabisa, zote zinakuja kwenye jicho hilohilo bovu. Upande ulio wazi ni hatari kwa yeyote kati ya hao wawili: watazame wapiganaji wa MMA Usman na Edwards kule Salt Lake City, Agosti 2022. Edwards ni mashoto. Usman anaongoza, raundi ya tano imebaki chini ya dakika moja. Edwards akajifanya anatupa mkono wa kushoto, Usman akashughulika na mkono, teke la kushoto likamkuta kichwani. Usman ana macho yote mawili.

Jino la Pembe

Nashukuru kwa elimu. Lakini Mwingereza Bisping alipigana na jicho moja na akachukua mkanda wa UFC, ile kampuni kubwa ya MMA, 2016 kwa KO (kumwangusha mtu asiendelee), tena aliitwa kwa taarifa ya muda mfupi. Kwa hiyo inawezekana. Mimi naomba jinsi ya kupigana na hali niliyonayo, uamuzi wa kupigana nimeshaufanya.

Na niseme yote. Malipo ya awali nimeshachukua na yamekwenda kwenye kodi. Fomu ya daktari imeshasainiwa, kuna mtu ninayemfahamu alinisaidia. Kocha hajui habari ya jicho. Nikijitoa sasa hakuna promota atakayeniita tena.

Sista wa Zamu

Fomu imesainiwa bila kupimwa? Huyo hakukusaidia.

Mzee wa Sinza

Dogo, Bisping msome hadi mwisho. Jicho la kulia liliharibika baada ya pambano na Belfort, Januari 2013. Alifanyiwa upasuaji, na mwenyewe alikuja kueleza kwamba vipimo vya macho alikuwa anavipita kwa ujanja. Mkanda aliupata, ni kweli. Novemba 2017 akapigana na St-Pierre New York, akaangushwa kwa ngumi na kukabwa. Wiki tatu baadaye akapanda tena Shanghai, Gastelum akamlaza raundi ya kwanza. Baada ya hapo jicho lililobaki zima likaanza kumulika mwanga, hivyo unavyosema wewe. Ndipo akaacha. Yeye alikuwa na mkanda, jina na pesa za kumtunza. Wewe una kodi ya chumba.

Dau Nono

Jamani, mnajibu kwa moyo wote lakini mmeisoma hii vizuri? Mwanzo kocha "hataki hata kusikia", sasa kocha "hajui". Kocha gani wa ngumi haoni kijana wake anakula mikono ya upande mmoja? Jicho bovu, fomu ya kughushi, pesa imekwisha, safari ya Nairobi, kila post inaongezwa kipande. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Hii ni chai.

Kigoda cha Mbele

Na dau hajataja mpaka sasa. Chai kabisa.

Otis wa Kariobangi

Mimi pia nimeuliza watu wangu huku, hakuna aliyesikia kuhusu hilo pambano mwisho wa mwezi ujao. Taja ukumbi boss.

Mama Wawili

Kama ni uongo, ni uongo gani huu wa kuwachezea watu mioyo? Nimeshamwombea tayari.

Jino la Pembe

Ukumbi sitaji, jina la promota sitaji, wakiunganisha nimekwisha. Kocha hataki kusikia habari ya mashoto, na habari ya jicho haijui, hayo ni mambo mawili tofauti. Ngumi zinazonipata anaona, anadhani nimeanza uvivu wa kurudisha mkono. Akaunti nimefungua wiki hii kwa sababu ile ya zamani marafiki zangu wanaijua. Hamwamini, basi.

Dau Nono

Weka picha ya glavu na karatasi yenye tarehe ya leo.

Kiuno Chini

Picha ya glavu hata mimi naweza kuazima. Ngoja nimuulize kitu. Jino la Pembe, umeshaanza kufanya mazoezi ya mashoto. Ukirusha teke la kushoto ukiwa umekaa hivyo, nini kinakusumbua?

Jino la Pembe

Nyonga. Bega linatangulia kama natupa ngumi, mguu unafuata umechelewa, halafu nikirudi chini miguu yote iko mstari mmoja, nikisukumwa kidogo nakaa. Na jebu (ngumi ya mkono wa mbele) ya mkono wa kulia naibana sana, inakwenda na nguvu yote, kwa sababu mkono ule umezoea kumaliza. Kupima umbali nao bado siwezi.

Kiuno Chini

Dau Nono, hayo hayapatikani kwa kuangalia video. Huyu anapigana.

Dau Nono

Anaweza kuwa anapigana na bado hadithi ya jicho akawa ameitunga. Nabaki pale pale. Ila kama ni kweli, kijana nenda hospitali.

Kiuno Chini

Sasa nikujibu la akili, maana umeliuliza tangu mwanzo na tumelikwepa. Hulali kwa sababu kichwa chako kinajua kitu ambacho umekikataza kusema. Huo siyo woga wa ulingo. Woga wa ulingo una dawa: unapumua kwa pua, unarudia mlolongo mmoja wa kujiandaa kila siku hadi mwili unauzoea, unafanya sparingi ukiwa umechoka ili uchovu usikushtue. Ngannou, mpiganaji wa uzito wa juu wa UFC, alipigwa na bingwa Miocic Januari 2018 kwa raundi tano. Julai akapanda na Derrick Lewis, akasimama tu, karibu hakurusha kitu, na baadaye akasema alibeba hofu ya pambano lililopita. Yule ni mtu aliyetoka kuchimba mchanga Batié, Kamerun, akavuka jangwa. Moyo anao. Alirudi, akajipanga upya, Machi 2021 akamlaza Miocic yuleyule. Ilimchukua miaka mitatu, na jicho hakuwa na tatizo.

Halafu ulilala kwenye sparingi. Kwenye nchi zenye kamisheni ya kusimamia mapambano, mtu aliyepigwa KO anazuiwa kwa kawaida siku 30, 60, hata 90, na sparingi haruhusiwi. Wewe ulizinduka ukaendelea siku ileile.

Mwambie kocha leo. Promota akipewa karatasi ya hospitali mapema, anatafuta mbadala na pesa mnazungumza. Ukianguka Nairobi halafu fomu ikachunguzwa, hutaitwa tena na yeyote, na aliyesaini naye ameharibikiwa.

Jino la Pembe

Nimewasikia. Kesho asubuhi kuna sparingi, nikitoka nitapitia CCBRT mchana.

Sista wa Zamu

Sparingi hapana. Hata moja.

Jino la Pembe

Ni ya mwilini tu Sista, kichwani hawagusi.

Kiuno Chini

Hakuna sparingi ya hivyo na unajua. Mpigie kocha sasa hivi.

Jino la Pembe

Nimempigia. Alinyamaza, halafu akaniuliza kwa nini nimewaambia watu wa mtandaoni kabla yake. Amesema saa mbili asubuhi tukutane hospitali, gym nisifike, na fomu niende nayo. Pambano sijalifuta, nasubiri daktari aseme. Na Kiuno Chini, hilo la kugeuka sekunde mbili kisha kurudi naomba unielekeze inbox.